Jakuzi la nyumbani, maji ya kisima: klorini au bromini?

Mwenyeji_Naivasha
Wakuu, naomba ushauri. Nakodisha nyumba karibu na ziwa, na nje kuna jakuzi la lita 1,500, joto nyuzi 38. Mwezi uliopita familia iliondoka, siku 2 baadaye wakaniandikia kwamba watoto wametokwa na vipele vyekundu mgongoni na matakoni. Iliniuma sana. Nimelifunga. Duka moja linasema nihamie bromini, jingine linasema nibaki na daiklori, ile klorini ya unga. Nani ametumia zote mbili?

Nesi_Minneapolis
Pole ndugu yangu. Vipele vya namna hiyo, hasa palipobanwa na nguo mbichi ya kuogelea, mara nyingi ni bakteria wa Pseudomonas, na kwa kawaida huisha vyenyewe baada ya siku kadhaa. Ninayemwogopa mimi ni Legionella, bakteria wa homa ya mapafu, anayepenya mapafuni kwa matone madogo yanayorushwa na mapovu. Mwaka 1999 huko Bovenkarspel, Uholanzi, jakuzi lililowekwa kwenye maonyesho ya maua liliambukiza hata wapita njia. Zaidi ya watu 20 walifariki.

CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, inataka klorini isipungue miligramu 3 kwa lita, au bromini 4, pH (kipimo cha uasidi wa maji) kati ya 7.0 na 7.8, joto lisizidi nyuzi 40. Nyumbani natumia vidonge vya bromini: harufu ndogo, macho hayawashi. Ila bei yake si mchezo.

FundiBwawa_Diani
Bromini naikubali kwa jakuzi la ndani. Lako liko nje, jua litaila, na haina kinga. Daiklori inakuja na kinga yake, asidi ya sayanuriki, lakini asidi hiyo haiondoki. Kila ukiongeza miligramu 10 za klorini, unaongeza kama 9 za asidi hiyo, na ikijaa inaifunga klorini isiue haraka. Kwa jakuzi CDC haiitaki.

Mimi ningechukua klorini ya maji, isiyo na manukato wala sabuni. Ile ya asilimia 3.5, mililita 130 hivi zinakupa miligramu 3 kwa lita kwenye lita zako 1,500. Watu wakiingia inaliwa upesi, kwa hiyo pima tena. Lakini kabla ya yote, pH yako ngapi? Na ualkali, yaani bikaboneti inayozuia pH isishuke?

Mwenyeji_Naivasha
pH 8.2. Ualkali miligramu 380 kwa lita.

FundiBwawa_Diani
Basi tatizo lako ni hilo, wala si duka. Visima vingi vya Bonde la Ufa vimejaa bikaboneti. Kwenye pH hiyo, chini ya robo ya klorini ndiyo yenye nguvu ya kuua, kwenye 7.4 ni zaidi ya nusu. Dawa ulikuwa unaweka, ila imelala.

Weka asidi ya unga kidogo kidogo, pampu ikizunguka, mpaka pH ifike 7.2. Kisha washa mapovu, kifuniko kikiwa wazi: hewa inatoa kaboni dayoksaidi na pH inapanda, lakini ualkali haurudi. Teremsha pH tena kwa asidi. Rudia mpaka ualkali ufike 100 hivi. Kwa maji yako itakula karibu kilo nzima ya asidi. Asidi na klorini zisikutane kamwe, zinatoa gesi ya sumu. Hata kijiko kiwe tofauti.

Mdau_Leeds
Nasafisha nyumba za likizo huku Uingereza. Mwongozo wetu unataka jakuzi la kukodisha limwagwe, lisafishwe na kujazwa upya kila kundi la wageni likiondoka, au angalau kila wiki. Usikwepe hilo.

Mwenyeji_Naivasha
Kilo ya asidi kwa kila kundi? Sitaweza.

MamaShamba_Limuru
Kaka, vuna maji ya mvua. Mimi najaza nusu mvua, nusu kisima. Maji ya mvua karibu hayana ualkali kabisa.

FundiBwawa_Diani
Dada amesema kweli. Ukianza na 190 badala ya 380, asidi inashuka hadi kama theluthi ya kilo. Chuja maji ya paa kwanza, na uyatie klorini kama mengine.

Mwenyeji_Naivasha
Nimeagiza tangi la lita 5,000 na kipimo cha matone cha kupimia ualkali. Jakuzi linabaki limefungwa mpaka mvua zijaze tangi.