Meli ya pwani Norwe imetupitishia bandari yetu usiku, hata kutuambia hawakutuambia!

Wakuu, nimevumilia wiki nzima, leo nasema.

Mwanzoni mwa Januari nilipanda meli ya pwani na mama yangu, Trondheim kwenda Berlevåg, kule juu Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norwe. Dada yangu kajifungua. Mama katoka Tanga, ana miaka 68. Na meli hizi si za watalii tu: zinagusa bandari 34 kati ya Bergen na Kirkenes, zinabeba mizigo na wenyeji, na serikali inazilipa kwa kazi hiyo.

Tulipotoka Tromsø, saa tano usiku spika zikalia: mianga ya kaskazini (ile ya rangi inayocheza angani) imetokea, pandeni juu! Kinorwe, Kiingereza, Kijerumani. Nikamvisha mama makoti mawili, akaiona, akamshukuru Mungu.

Kesho yake meli ikafunga Honningsvåg zaidi ya masaa matatu, watalii wakapelekwa kuona rasi ya Nordkapp. Upepo umeshaanza. Nikauliza mapokezi, Berlevåg tutaingia? Nikajibiwa hakuna tatizo.

Saa nne usiku mama kakaa na mabegi karibu na mlango wa kushukia, mlango haufunguliwi. Mara naona taa za mji zinapita kuliani. Nakimbilia mapokezi, naambiwa nahodha aliamua kuiruka Berlevåg tangu tunaondoka Mehamn, bandari ya kabla yake. Mehamn! Zaidi ya masaa mawili nyuma!

Nahodha simlaumu. Lango la bandari ile ni jembamba, na upepo wa Bahari ya Barents si wa kuchezea. Kinachoniuma ni kunyamaza kwao. Spika ya kuamsha watu wakatazame anga ipo, ya kumwambia abiria bandari yake imefutwa haipo? Shemeji yangu alikuwa gatini kwenye theluji na mtoto wake mkubwa garini, na aliyempa habari ni mimi, kwa simu.

Asubuhi tukashushwa Kirkenes, chumba muda wake umeisha. Kurudi na meli ileile nikatakiwa nilipe nauli upya. Nikalipa, maana mama miguu ilishavimba. Tumefika Berlevåg usiku wa pili, tumekaa vitini njia nzima.

Nimewaandikia mara mbili, jibu ni "hali ya hewa". Silalamikii hali ya hewa! Nadai ile nauli ya pili, na maelezo ya yale masaa mawili.

Kuna aliyewahi kurudishiwa hela yake? Anielekeze alipeleka wapi malalamiko.