MREJESHO: Mwenye nyumba aliyenipandishia kodi kwa WhatsApp

Wakuu, nashukuru kwa ushauri. Kwa ambao hamkuona: mwenye nyumba wangu hapa Leicester alinitumia ujumbe wa WhatsApp kwamba kodi inapanda kutoka pauni 850 hadi 1,050 kuanzia mwezi unaofuata, nisipotaka nifungashe virago. Nikauliza kama nina pa kushika.

Ninapo. Tangu 1 Mei 2026 sheria mpya ya wapangaji ya England imefuta ile notisi ya kifungu cha 21, ya kukutoa bila kutaja sababu. Kodi nayo inapandishwa mara moja tu kwa mwaka, kwa fomu rasmi, na notisi ya miezi miwili. WhatsApp si fomu. Nilimjibu kwa heshima zote, nikamwekea na kiungo cha tovuti ya serikali. Kimya. Baadaye fomu ikaja, safari hii pauni 910. Bei za mtaani kwetu ndizo hizo, nimekubali. Ningeweza kwenda baraza linaloamua migogoro ya kodi za nyumba, na haliwezi kupanga kiasi kinachozidi alichoomba mwenye nyumba, ila sikuona haja ya vita.

Yule aliyesema "sasa hatutoki ng'o" apunguze mbwembwe. Mwenye nyumba akitaka kuuza anakutoa, ila kwa notisi ya miezi minne, na si ndani ya mwaka wa kwanza wa upangaji. Ukilimbikiza deni la miezi mitatu, mahakama inakutoa vilevile. Na mlioko Glasgow msinukuu haya, Scotland ina sheria yake.