Picha moja unairudia mpaka unajua nani anakohoa wapi. Ni mimi tu?

FundiNgamiani

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani. Kibandani kwangu juu ya kabati la vitambaa kuna televisheni ndogo, na flashi imechomekwa muda wote. Wateja wameshazoea: ukija kufuata suruali yako utakuta ama Sholay ile ya Kihindi, ama Coming to America, Eddie Murphy anadeki mgahawa huko New York, ama Commando. Juzi mama mmoja mtu mzima alikuwa ananisubiri nimalizie pindo la gauni, akaniuliza kwa huruma kabisa, "Fundi, hivi huna hela ya kutia nyingine?"

Hela ninayo. Mpya narushiwa kila wiki na kijana wa laibrari hapo jirani, naziangalia, nafuta. Hizi tatu hazifutiki.

Sababu moja ni ya kazi. Cherehani haitaki mtu mwenye macho mawili sehemu mbili. Ukiweka picha usiyoijua, utasimamisha kazi au utajishona kidole. Ile unayoijua unaisikiliza tu. Ukisikia mluzi au muziki umebadilika unajua sasa anaingia nani, unainua kichwa, unaona unachokitaka, unarudi kwenye mshono. Januari kwenye sare za shule nisingemaliza bila Sholay, ina zaidi ya saa tatu.

Lakini kuna sababu nyingine, na hiyo ndiyo imenileta hapa. Ni ile shali ya Thakur.

Kwa ambao hawajaiona (na kama hujaiona ruka aya hii, nitakuharibia): Thakur ni askari mstaafu, anawakodi wahalifu wawili, Jai na Veeru, wamkamatie jambazi Gabbar Singh akiwa hai. Siku ya Holi, sikukuu ya rangi ya Wahindu, majambazi wanavamia kijiji. Vijana wamebanwa, bunduki iko chini, miguuni pa Thakur, na yeye kasimama anaitazama tu. Haiokoti. Mimi niliiona kwanza na mjomba pale Majestic hapa Tanga, enzi ambazo huku bara televisheni hakuna (ITV ilikuja 1994), na ukumbi mzima ulimtukana yule mzee. Baadaye anasimulia, shali inadondoka, na mikono haipo. Gabbar aliikata.

Sasa irudie ukiwa unajua. Yule bwana kajitanda shali tangu dakika za mwanzo na hashiki kitu. Na ujanja wa mwongozaji Ramesh Sippy ni kwamba mapema kabisa tunaonyeshwa kisa cha treni, Thakur akiwa bado polisi, anapiga risasi kwa mikono yake mwenyewe. Akili yako imeshaiona mikono, kwa hiyo haiulizi tena iko wapi. Mimi ninayeishi kwa kuangalia nguo inavyokaa mwilini nilipigwa chenga na shali! Tangu hapo kila nikiiweka naitazama inavyolala begani.

Swali langu: wewe unarudia ipi, na ni kipande gani hasa kinachokurudisha? Orodha ya kumi bora sitaki, tutabishana bure.

---

Mnyalu_Halisi

Fundi, mimi sirudii. Picha nikishaijua mwisho wake imekwisha, sawa na mechi ya jana. Kuna picha nyingi duniani na maisha ni mafupi. Shemeji yako hapa anarudia tamthilia za Kifilipino na kilio ni kilekile, sehemu ileile. Namuuliza, ulidhani leo hatakufa? Ananuna.

---

DadaWaKisauni

Mnyalu, mwache shemeji alie.

Fundi, umeanza na Sholay nimekupenda bure. Ila mimi shali sikuwahi kuifikiria, mimi yangu ni sarafu. Jai kila wakibishana na Veeru anarusha sarafu, ikiangukia upande wake anaamua yeye. Mara ya kwanza unaona ni bahati tu, na ni kichekesho. Jai anapokufa ndipo Veeru anaiokota na kukuta pande zote mbili ni sawa. Alikuwa ameshaamua kila kitu tangu mwanzo, hata ile mara ya mwisho, ya nani abaki na nani aondoke na Basanti, mpenzi wa Veeru.

Kwa hiyo mara ya pili huangalii sarafu tena. Unamwangalia Amitabh, huyo Jai, usoni kabla hajairusha. Kuna kituo kidogo pale, sekunde tu. Hapo ndipo panaponirudisha mie. Mara ya kwanza nilikuwa namtazama Dharmendra, huyo Veeru, na vituko vyake kama watu wote.

Kaka yangu yeye hataki Kihindi, anataka za ngumi na DJ Afro akisimulia juu yake. Huyo nadhani harudii picha, anarudia DJ. Sauti ya asili ikiwekwa anasema picha imepoa.

---

Kamanda_wa_Banda

Nani kataja Commando nisikie vizuri 😂

Sisi tuliokulia banda umiza, vile vibanda vya kuonyesha video, hiyo picha tuliimeza. Benchi la mbao, joto, jenereta linanguruma nje, na mtu wa mbele yako anamsimulia jirani yake kitakachotokea kabla hakijatokea. Kurudia hatukuchagua wakuu. Mwenye banda alikuwa na mikanda yake michache na kiingilio chako, basi. Akiweka Commando Jumamosi na Jumapili unaangalia Commando.

Kipande changu: Matrix, yaani Schwarzenegger, kamning'iniza yule adui mfupi, Sully, kwenye jabali kwa mkono mmoja, anamkumbusha kwamba aliahidi kumuua wa mwisho, kisha anamwambia alidanganya. Anamwachia. Banda zima linapiga kelele. Kilichofuata watoto hatukukiona kwa miaka kwa sababu tulikuwa tunashangilia: ile Porsche ya njano imelala ubavu, imebonyea upande mzima. Matrix anaisimamisha kwa mikono, anaingia na yule dada, anaondoka. Gari halina hata mkwaruzo! Limepona lenyewe. Nimeligundua ukubwani, nikiwa peke yangu kwenye simu, nikarudisha nyuma nihakikishe. Kweli, jipya kabisa.

Mnyalu, mtu wa kuangalia mara moja hilo gari atalionea wapi?

---

Mnyalu_Halisi

Kamanda, sasa umenisaidia mimi. Umerudia picha miaka yote ukaambulia kosa la waliopiga picha. Hiyo ndiyo faida?

Na nijibuni hili. Kuna zile picha za fumbo. The Sixth Sense ile ya Bruce Willis, 1999. Siri yake ukishaijua, unarudi kufanya nini?

---

FundiNgamiani

Mnyalu, swali zuri, na umeichagua inayokupinga. Ile ukiirudia unaona kwamba, ukiacha kipande cha mwanzo, mbali na yule mtoto hakuna anayemjibu Bruce Willis. Anakaa mezani na mkewe hotelini, siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, anaongea na kuongea, mke hasemi naye. Mara ya kwanza unasema mke kakasirika. Mara ya pili unajua jamaa ameshakufa, ni mzimu, na nywele zinasimama. Ila nakupa haki yako: hiyo nimeirudia, nikaona walivyoipanga, nikaifuta. Ilikuwa na mlango mmoja tu. Sholay hata ukishajua shali na sarafu, bado kuna watu ndani unataka kukaa nao. Kuna Gabbar na wale watu wake watatu na bastola ya matundu sita, risasi tatu. Anawaelekezea mmoja mmoja, zote tatu zinatoka tupu, anacheka, kundi zima linacheka, hata wale watatu wanacheka. Najua atawaua. Kila siku najua. Na bado mguu wangu unaachia pedali pale wanapoanza kucheka.

Kijana ninayemfundisha kazi yeye hana habari na Wahindi, tumekutana kwenye Coming to America (1988). Nilimbania wiki nzima. Kile kipande cha kinyozi, wazee wanabishana kuhusu mabondia, kuna mzee mmoja wa Kizungu, Saul. Nikamuuliza kijana, huyu mzee ni nani? Mzungu tu. Mtazame vizuri. Mzungu tu, bosi. Nikamwambia ni Eddie Murphy, na huyo kinyozi Clarence ni Eddie Murphy vilevile, anabishana na nafsi yake. Hakuamini mpaka niliposimamisha picha akasogea puani pa televisheni. Vipodozi vya Rick Baker hivyo, si mchezo.

Na nguo za ile picha! Mbunifu wa mavazi Deborah Nadoolman Landis aliteuliwa kugombea Oscar kwa kazi ile na mimi nasema alistahili. Mfalme anatembea Queens na ngozi ya simba begani kana kwamba ni koti la mvua.

---

Bint_Malindi

Fundi na wenzako, salamu kutoka Maskati. Sisi asili yetu Unguja.

Mie mama yangu ndo bingwa wa hayo. Ujana wake wote ni sinema, kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao mchana, wanakwenda na buibui zao, shoga kwa shoga. Kihindi hakijui hata neno, lakini nyimbo za ile picha ya Awara anaziimba kwa mpangilio zilivyo, na akija Raj Kapoor anamwambia "haya njoo baba". Hapa chaneli zinaonyesha za Kihindi na maandishi ya Kiarabu chini, miwani hana, wala hayahitaji.

Sasa jambo lake ni hili: haangalii mpaka mwisho. Wimbo anaoutaka ukipita ananyanyuka, anakwenda jikoni. Namwambia, mama, kesi bado haijahukumiwa. Ananambia, ile nishaijua, nakuja kuwaona wakiwa wamefurahi tu. Pahala pa kulia hapaangalii tena.

Nami nimejikuta hivohivo. Titanic naizima meli ikiwa bado inakwenda.

---

DadaWaKisauni

Bint Malindi umeniua. "Meli ikiwa bado inakwenda"! Mimi Sholay sitamzima Jai, hapana, lazima nimzike. Lakini mamako mpe salamu zangu, namwelewa.

Halafu Fundi, kuhusu mwisho. Unajua mwisho tulioukuta sinema si ule waliourekodi kwanza? India ilikuwa kwenye hali ya hatari mwaka ule wa 1975, wakaguzi wakakataa polisi mstaafu kujichukulia sheria mkononi. Kwenye mwisho wa awali Thakur anamuua Gabbar kwa miguu yake, kwa vile viatu vyenye misumari. Ikabidi warekodi upya, polisi wanafika na kumchukua.

---

FundiNgamiani

Dada, asante! Sasa ndiyo nimeelewa. Nilikuwa najiuliza kila mara: Thakur anamkanyaga Gabbar mikono kwa viatu vile vya misumari kwa hasira yote ile, halafu mwishoni polisi wanaingia dakika ya mwisho na kutoa nasaha. Kwa sisi mafundi hiyo ni kukata kitambaa cha suti ukashona kaptula. Nilidhani ni uvivu wa mwandishi, kumbe ni mkasi wa serikali.

Bint Malindi, mwambie mama shikamoo. Kuanzia kesho nitajaribu mtindo wake kwa Commando, nizime pale baba na binti wanapomlisha swala, kabla helikopta haijaja. Ingawa picha itakuwa ya dakika tano, wateja watacheka.

---

Kamanda_wa_Banda

Fundi usithubutu. Ukizima hapo tunakuja Tanga na mabenchi.

---

Mnyalu_Halisi

Sawa, mmenishinda nusu. Hiyo Sholay nilishaiona zamani, utoto, nakumbuka treni na yule dada wa farasi. Jumapili nitairudia nikiangalia shali peke yake. Lakini saa tatu Fundi, saa tatu! Nikisinzia nakudai.

---

FundiNgamiani

Hutasinzia. Kaa na kitu cha kufanya mkononi, hata kuchambua mchele, nyanyua kichwa ukisikia kinanda cha mdomo cha Jai.

Na mwenye nakala ya ule mwisho wa awali, iliyo safi, siyo ile ya ukungu iliyorekodiwa kwenye televisheni ya mtu, aseme hapa niletewe. Nitaiweka kwenye flashi, ila hii ya polisi siifuti, nimeizoea.