MREJESHO: Philips CD104 au Sony CDP-101, ipi ina sauti nzuri?

Wadau, nimerudi. Niliuliza nibaki na ipi kati ya hizi deki mbili za CD za miaka ya 80. Asanteni sana kwa majibu.

Ushauri uliosaidia kuliko wote ni wa kusawazisha volyumu kwanza. Nilicheza toni ya 1 kHz, nikapima volti kwa mita kwenye matundu ya nyuma: Sony ilikuwa juu kidogo. Nilipozisawazisha, ule uchangamfu niliodhani Sony inao kuliko Philips ukaisha. Mpwa wangu akawa anabadilisha bila mimi kuona, na hata kwenye magitaa ya benga sikuweza kuzitofautisha kwa uhakika. Na Philips ni ya biti 14 tu, Sony 16 (biti zikiwa nyingi, kila sampuli ya sauti husomwa kwa undani zaidi)! Ile mbinu ya Philips ya kuzidisha sampuli mara 4, yaani kujaza sampuli za ziada kati ya zile za CD, inafanya kazi kweli.

Tatizo jingine, Philips ilikuwa inarukaruka ikicheza. Kusafisha lenzi hakukusaidia. Iliendelea kuruka. Fundi wa Luthuli Avenue, Nairobi, alilehemu upya vitundu vinavyounganisha pande mbili za bodi, ikatulia. Ila CD nilizochoma mwenyewe bado inazigomea, hilo halijapata dawa.

Nabaki na Philips. Sony amechukua mpwa.