Tupeane uzoefu: tabia ya kazini iliyookoa, au ambayo ingeokoa, fedha za wateja

Mwanzisha mada
Ndugu zangu mnaofanya kazi katika benki, SACCOS, kampuni za bima na taasisi za mikopo, naomba tusimuliane yaliyotupata wenyewe. Nina miaka 11 katika kazi za tawi, na ninachokiogopa kuliko virusi vya kompyuta ni desturi yetu ya kuazimana nywila. Mfumo umepangwa ili anayeandaa muamala asiwe ndiye anayeuidhinisha, na hiyo ndiyo kinga ya mteja. Siku moja ya mwisho wa mwezi, foleni ikiwa imefika mlangoni, msimamizi wangu aliitwa nyumbani kwa kuwa mtoto wake alikuwa mgonjwa, naye kwa kunihurumia akaniachia nywila yake kwenye kipande cha karatasi. Kwa saa 3 niliandaa na kuidhinisha mwenyewe. Siku hiyo hapakuibiwa kitu, lakini karatasi ile ilibaki chini ya kibodi, na wiki mbili baadaye fedha zilitolewa kwenye akaunti iliyolala miaka mingi, kwa idhini ya msimamizi ambaye alikuwa likizo kijijini kwao. Mteja alirudishiwa fedha zake. Msimamizi wangu hakurudi kazini. Tangu siku hiyo sipokei nywila ya mtu, na bosi akinishikilia namwomba aniandikie agizo hilo kwa barua pepe. Hadi leo hakuna aliyeliandika. Nanyi je?

Mhasibu wa kampuni ya bima
Kwangu ilikuwa ankara. Mzabuni tuliyemzoea alituandikia kwamba amebadilisha akaunti ya benki, akaomba tumlipe kabla ya saa tisa alasiri. Lugha ilikuwa yake na nembo ilikuwa yake. Nilipoisoma anwani herufi kwa herufi ndipo nikaona kwamba palipostahili kuwa na «m» pamewekwa «r» na «n» zilizobanana, na kwa macho yaliyochoka tofauti haionekani kabisa. Sikupiga namba iliyoandikwa kwenye barua ile, kwa sababu aliyeighushi barua angeipokea simu mwenyewe; nilifungua jalada la mkataba na kupiga namba tuliyopewa siku ya kusaini. Mzabuni hakuwa na habari yoyote ya akaunti mpya.

Keshia
La kwangu ni fupi: nikiinuka kwenye kiti, hata kwenda kuchukua karatasi hatua tano tu, nabonyeza kitufe cha Windows pamoja na L ili skrini ijifunge. Skrini iliyoachwa wazi kaunta ni sawa na droo ya fedha iliyoachwa wazi.

Mkaguzi wa ndani
Naomba nieleze kwa nini nawasumbua wenzangu kuhusu printa. Februari 2016 wezi waliokuwa wamejipenyeza katika Benki Kuu ya Bangladesh walituma, kwa njia ya SWIFT, mtandao ambao benki hutumiana maagizo ya malipo, maagizo ya kuhamisha karibu dola milioni 951 kutoka kwenye akaunti ya benki hiyo iliyoko New York, na dola milioni 81 zikafika Manila. Wachunguzi wa Marekani walieleza kwamba barua pepe za watu waliojifanya waomba kazi, zenye viungo vya kupakua wasifu wao, zilikuwa zimetumwa kwa wafanyakazi mwaka mmoja kabla. Printa iliyopaswa kuchapa taarifa za miamala hiyo ilikuwa imenyamaza, na wafanyakazi wakaichukulia kuwa hitilafu ya kawaida. Niliposoma hayo nilishtuka, kwa sababu kwetu taarifa ya jioni ilikuwa imekosekana siku 2 mfululizo na mimi nikaandika tu kwamba tunasubiri fundi. Yetu ilikuwa hitilafu kweli, lakini sikuwa na njia ya kulijua hilo wakati ninaandika. Sasa taarifa isipotoka, siku hiyohiyo watu wawili wanalinganisha muamala mmoja baada ya mwingine.

Ofisa mikopo
Mimi niliingia mtegoni, na nasimulia kwa kuwa najua tupo wengi. Kijana alinipigia akasema yuko kitengo cha TEHAMA makao makuu, akaniita dada yangu, akamtaja meneja wetu kwa jina, na alijua kwamba mfumo uliganda asubuhi hiyo. Aliniomba tarakimu 6 zilizoingia kwenye simu yangu ili anifungulie akaunti. Nilimtajia. Nilipokata simu moyo ulinienda mbio, nikakaa dakika chache nikijishauri kunyamaza, kisha nikaenda kumweleza meneja.

Mwanzisha mada
Pole sana, dada. Meneja alikupokeaje? Nauliza kwa sababu nimeona wengi wakificha siku nzima kwa kuogopa barua ya onyo.

Ofisa mikopo
Hakunifokea. Alinyanyua simu palepale, akaunti yangu ya mfumo ikafungwa, na TEHAMA wakakuta mtu ameshaingia lakini hajaidhinisha mkopo wowote. Namba ile tuliituma 15040, namba ya kuripoti matapeli hapa Tanzania. Niliandika maelezo ya kurasa 2, na tangu hapo kila wanapokuja wafanyakazi wapya meneja hunipa nusu saa niwasimulie, nikianzia pale nilipojishauri kunyamaza.