Neno "run" la Kiingereza hutafsiriwaje?

Muuza leso, Kisumu
Hamjambo wenzangu. Mchana mimi huuza leso sokoni Kibuye, na jioni humsaidia binti yangu kazi ya shuleni. Juzi, alipokuwa akitafsiri kifungu cha Kiingereza, aliandika kwamba mtoto mgonjwa "pua yake ilikuwa ikikimbia" na kwamba mjomba wake "anakimbia duka", kana kwamba anadaiwa humo. Kamusi yetu ndogo inasema "run" ni kukimbia, basi. Je, neno hili lina maana ngapi, na nimwongoze vipi?

Mwalimu mstaafu, Nakuru
Dada, ukianza kuzihesabu mtakesha. Kamusi kubwa ya Oxford, ilipolichambua upya neno hilo mwaka 2011, ilipata maana 645 za kitenzi peke yake. Kwa hiyo usimpe orodha ya kukariri, bali muulize kwanza ni nani au ni kitu gani kinachotenda. Duka huendeshwa, Mto Nzoia hutiririka, injini hunguruma, mwanasiasa huwania kiti, nayo kamasi hutoka tu. Hata leso zako zikichuja rangi zinapofuliwa, Mwingereza atatumia neno lilo hilo. Sukari ikimalizika husema "run out", na hapo, kwa maoni yangu, Kiswahili kinakishinda Kiingereza, kwa kuwa kitenzi kimoja hunyumbuliwa kikaeleza hali pamoja na anayepatikana nayo: sukari imeisha, imetuishia, tumeishiwa.

Msomaji, Kakamega
Nakubaliana na Mwalimu, ila "kuendesha" nako kuna mtego wake, maana huku kwetu ukisema mtoto anaendesha, jirani atakuja mbio na maji ya chumvi na sukari. Ajabu ni kwamba Waingereza nao huita kuhara "the runs". Wala tusiwacheke sana, kwani mgeni anayejifunza lugha yetu husumbuliwa vivyo hivyo na "piga": tunapiga pasi, simu, kura, picha, magoti na deki, na hakuna anayeumia.

Muuza leso, Kisumu
Asanteni sana. Nimemsomea majibu yenu, naye anauliza habari ya "run over", pale gari linapompata mtu barabarani.

Mwalimu mstaafu, Nakuru
Aandike "aligongwa na gari". Ikiwa magurudumu yalipita juu ya mwili, "alikanyagwa" ndilo neno sahihi zaidi.