Mama kaambiwa jeni ya saratani yake ya tezi "imejifunga". Naomba ushauri

BintiWete: Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika saa hizi usingizi umenikataa. Mama'ngu ana miaka 61. Mwaka jana alipasuliwa shingo huko Dar, tezi ikatolewa yote, na majibu ya kinyama yakaja ni saratani, ile aina ya papilari. Ikabaki anyweshwe madini joto yenye mionzi. Kwanza wakampa kidogo ya kupimia, wakampiga picha ya mwili mzima. Picha ikatoka tupu, na huku kipimo cha damu kinaonyesha ugonjwa bado umo. Daktari akatwambia yawezekana jeni ya seli zile imejifunga, hazivuti tena dawa. Ninachouliza: kuna aliyewahi kupeleka mgonjwa wa hivi India? Gharama zikoje?

Mkale_wa_Konde: Wa alaykumu ssalaam. Pole dada. Shangazi yangu alikuwa na rovu kubwa kama dafu. Pemba rovu si jambo geni, chumvi yetu ya kienyeji haikuwa ikitiwa madini joto. Alikaa nalo miaka thelathini, akazaa nalo watoto saba, akafa kwa uzee wake. Siku hizi kila uvimbe unaitwa saratani.

SalhaMaabara: Mzee wangu, huyu kinyama kimeshapimwa, si rovu tena.

Msuka: India tulimpeleka baba. Si kwa tezi, kwa moyo. Tulipofika uwanja wa ndege yule mwenyeji wetu hakutokea, tukakaa tangu alfajiri hadi magharibi na mgonjwa kwenye kiti. Nenda na mtu anayejua lugha. Na toa sadaka kabla ya safari.

BintiWete: Ahsante kaka Msuka. Pesa nimeshaanza kuipata. Kuna mtu amenipa arbuni ya mikarafuu 22 aliyotuachia baba.

SalhaMaabara: Subiri kwanza, mdogo wangu. Miye si daktari, nimefanya kazi maabara miaka kumi na mbili, na hili la jeni nimelifuatilia kwa sababu lilimpata mtu wangu wa karibu.

Seli ya tezi ina milango midogo ya kuvutia madini joto kutoka kwenye damu. Jeni yake, yaani maelekezo ya kuutengeneza mlango huo, ilitambuliwa mwaka 1996 katika maabara ya Nancy Carrasco, New York. Kwa milango hiyo dawa ya mionzi huifuata saratani ya tezi hata ikiwa imehamia mapafuni; watu wanatibiwa hivyo tangu miaka ya 1940. Sasa saratani ikizidi kukomaa, inasahau kuwa iliwahi kuwa tezi. Takriban nusu ya saratani za papilari zina hitilafu kwenye jeni iitwayo BRAF. Hitilafu hiyo huipa seli amri ya kuzaana isiyokatika, na amri hiyo hiyo huzinyamazisha jeni kama PAX8, ambayo kazi yake ni kuiwasha jeni ya mlango. Jeni ya mlango haijakatika wala kupotea. Umeme upo, swichi imezimwa.

Na iliyozimwa huweza kuwashwa. Utafiti uliotoka mwaka 2013 huko huko New York ulipima wagonjwa 20 waliopewa selumetinibi, dawa ya kuikata ile amri. 12 uvutaji wao wa madini joto ukaongezeka, na 8 wakafika kiwango cha kutibiwa tena kwa mionzi. Kwa hiyo neno "imejifunga" lisikuvunje moyo. Lakini nijibu hili: wiki kadhaa kabla ya picha mama alikuwa akila nini?

BintiWete: Alikula kawaida tu. Suala langu ni India.

SalhaMaabara: Kawaida ya Wete ni samaki, dagaa na pweza. Alipewa karatasi ya vyakula vya kuacha? Na je, alipigwa picha ya CT ya kudungwa dawa ya mshipani? Dawa hiyo nayo ina madini joto.

BintiWete: CT hapana. Karatasi alipewa, ya Kiingereza. Niliisoma. Samaki aliacha, mayai aliacha.

Dada Salha, nitasema. Mama anakula unga wa mwani. Vijiko viwili kwenye uji, asubuhi na jioni, tangu atoke kupasuliwa. Kwenye karatasi mwani ulikuwemo, nikauona. Nilipomwambia alilia. Ameulima mwani zaidi ya miaka ishirini, magoti yake yameishia kwenye maji ya bahari, ndio uliotusomesha. Akanambia, "Huu nimeulima kwa mkono wangu, utanidhuruje?" Nikanyamaza.

Tumbatu_Halisi: Haya, ndiyo hilo. Akaunti ya wiki iliyopita, mara mwani, mara vijiko viwili. Kesho mtawekewa namba ya simu ya muuza unga. Hadithi hizi tumezizoea.

Msuka: Hata mie nimeanza kushtuka. Mikarafuu 22 umeihesabu kabisa?

BintiWete: Nimeihesabu kwa sababu nimeichuma tangu nina miaka minane. Sina unga wa kuuza. Unga umo kwenye kopo la samli, juu ya kabati, na mama hulala na leso shingoni asiuone mtu mshono wake. Kama unaona naongopa, pita.

Tumbatu_Halisi: Nisamehe dada. Mama yangu mwenyewe niliuziwa maji ya majani kwa njia hii hii.

SalhaMaabara: Mdogo wangu, mwili hautofautishi madini joto ya mwani na yale ya mionzi. Damu ikijaa ya kawaida, ya kupimia hukosa nafasi na picha hutoka tupu hata kama milango iko wazi. Huenda jeni imezimwa kweli. Kwa picha hii hakuna awezaye kujua. Mwambie daktari habari ya mwani kama ulivyotwambia sisi. Kuna kipimo cha mkojo cha kuangalia kiasi cha madini joto. Muulize pia kama kinyama kilipimwa ile BRAF na jeni nyingine iitwayo TERT. Zikikutana hitilafu zote mbili, ugonjwa huwa mkali zaidi.

BintiWete: Kurudia picha ni kuachishwa tena wiki nne vile vidonge anavyomeza badala ya tezi iliyotolewa. Ile mara ya kwanza alivimba uso, anajifunika blanketi mchana wa jua kali, akiitwa haitiki. Sitaki kumrudisha kule. Na yule mtu wa mikarafuu anataka jibu Ijumaa.

SalhaMaabara: Mara nyingine kuna sindano inayotumika badala ya kuacha vidonge. Ni ghali, lakini uliza. Na Ijumaa isipite hujampigia daktari.

BintiWete: Nimepiga asubuhi, nimemwambia yote. Hakunigombeza. Kasema mwani usimamishwe leo, mkojo upimwe baada ya wiki sita, na hiyo safari ingoje. Mnunuzi nimemuomba muda, kakasirika, anataka arbuni yake. Nitamrejeshea. Kopo nimelitoa jikoni. Mama tangu adhuhuri ananiuliza liko wapi, na bado sijapata la kumwambia.